Kwa Zaituni, Kuhusu Kadi ya Fisi na Shangazi Yako

Zaituni mwanangu,

Salamu tulikwisha kupeana asubuhi, ingawa yako ulinipa ukiwa umeingia nusu chini ya kitanda unatafuta kamba ya kufungia sanduku. Afya yangu unaijua, umenisikia nikikohoa tangu alfajiri. Hayo basi tuyaache. Nimechoka, na nataka ujue kwamba nimechoka.

Nimekaa hapa barazani. Nimeikunja kanzu ya watu iliyokuwa mezani na kuifanya cherehani yangu dawati. Jua bado lipo. Wewe umekwenda kuaga rafiki zako, na naona umeaga kila kiumbe. Umemuaga hata yule binti wa vitumbua ambaye mwaka jana mlikuwa hampeani maji. Mtaa mzima wa Isevya umeuzunguka, nimeambiwa, isipokuwa nyumba moja, na nyumba hiyo ili usiipite mlangoni umezungukia nyuma kwenye mashimo ya matofali. Mtu anayekwenda kusomea uuguzi Dar es Salaam anaruka mashimo ya matofali kwa sababu ya shangazi yake. Haya.

Naandika kwa sababu kusema kumenishinda. Kila nikilitaja jina la shangazi yako, wewe unakumbuka kwamba hujaanua nguo. Juzi umeanua nguo zinachuruzika maji. Karatasi huwezi kuikatiza katikati, na mimi nikiandika sipandishi sauti, kwa hiyo majirani nao watapumzika.

Mambo ya safari sina la kukuambia. Blanketi unalo. Usiteremke kila stesheni kununua mayai ya kuchemsha, hilo unalijua, na utateremka. Huko hospitalini watakupa sare na kitanda na wakubwa wa kukugombeza, nami nashukuru, maana kazi hiyo nimeifanya peke yangu muda mrefu. Ninalotaka ni moja: usipande gari la moshi kesho bila kumwamkia shangazi yako Mwamvua. Ukiona nazunguka zunguka humu ndani, jua narudi hapo hapo.

Nitaanza mwanzo, ingawa ulikuwepo, kwa sababu kila mmoja wenu anaianza habari hii pale alipoonewa yeye. Shangazi yako anaanzia kwenye kadi. Wewe unaanzia kwenye methali. Mimi naanzia kwenye ugali, na mtanivumilia wote wawili.

Mama yako alipotutoka ulikuwa ndiyo kwanza umeng'oka meno ya mbele. Mimi nilikuwa fundi wa kutajika, namkatia mtu kanzu kwa kumwona akipita njiani, lakini jikoni sikujua hata chumvi inakaa kopo gani. Arobaini ilipokwisha, dada yangu Mwamvua akaja, akasema atakuwa anapita jioni jioni kutupikia. Nikamwambia asihangaike, ana mume wake na mtoto wake. Hayo yalikuwa ya mdomoni. Moyoni nilikuwa sitaki watu wa mtaa wetu wa Gongoni waseme mwanamume mzima analishwa na dada yake. Basi tukakaa na kiburi changu, tukala tulivyokula. Ugali wangu ulikuwa na unga mbichi katikati. Wewe ulikuwa unakula pembeni pembeni, hapo katikati unaniachia, nikajua mtoto huyu ana adabu. Kumbe ulikuwa huwezi kuumeza. Jioni moja ukalala mkekani bila kula, ukasema umeshiba. Umeshiba nini? Maji. Nilikaa nikakutazama na sikwenda kumwita dada yangu. Nilikuacha ulale na njaa kuliko kusema neno dogo kama 'nisaidie', na hilo nalikumbuka kila ninapokuona na wewe unanyamaza vivyo hivyo.

Mwamvua akasikia. Sijui alisikia kwa nani, mji huu hauna chungu chenye siri. Akaingia uani bila hodi, akanikuta nimeushika mwiko kwa mikono miwili napigana.

'Kaka, toka hapo,' akasema. 'Unga haujakukosea kitu.'

Nikadhani atatupikia. Wapi. Alituweka wote wawili mbele ya mafiga, wewe huku, mimi huku, akatufundisha kwa matusi mpaka tukaweza. Alisema mtu aliyechoka na kazi hapiki karamu, anapika kitu kitakachoiva kabla mtoto hajasinzia. Ndiyo mapishi tunayokula mpaka leo, na usithubutu kuyadharau utakapoonjeshwa mapochopocho ya pwani. Dagaa wa Kigoma unawatoa vichwa, unawapitisha kwenye maji ya moto, unawakaanga na kitunguu mpaka walie, ndipo nyanya, ndipo karanga za kupondwa, na chumvi usiimwage maana wamekwisha kula yao njiani. Kwa ugali wa moto, basi, umemaliza. Mvua zikinyesha ni uyoga. Siku ya uvivu wa kupindukia ni matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa: unavirudisha motoni na maji kidogo, unavila na karanga, na kama kuna mtu ametoka Ipole na asali, utamtafuta tajiri anayekuzidi humwoni.

Wanaume wa hapa barazani walinicheka sana. 'Fundi, leo umepika nini?' Nikawa nawajibu. Baadaye wakaacha kucheka, wakaanza kunusa.

Wewe unajigamba kwamba hakuna msichana mtaani anayepika upesi kama wewe. Ni kweli. Lakini mkono huo si wako, mwanangu, wala si wangu. Unavyoonja mchuzi kwa kuudondoshea kiganjani, unavyoufokea moto ukikataa kuwaka, ni Mwamvua mtupu. Miezi yote hii nimekaa hapa nasikia sauti ya dada yangu ikitoka kwenye mdomo wa mtu aliyemnunia.

Kadi nazo zilianza mwaka ule ule. Idi ilikuwa inakaribia, na tajiri wangu mwenye duka alikuwa anayatupa yale makaratasi magumu yanayokaa ndani ya mashati mapya. Ukayaokota. Ukaokota na vipande vya nguo chini ya cherehani: bafta, kaniki, satini ya watu wakubwa. Mkasi ukaniibia, na sasa nimekumbuka, mkasi wangu mkubwa siuoni tangu jana, uangalie sandukuni mwako. Ukakata mwezi wa satini, ukakata nyota, ukaja kuniuliza vitashikaje. Nikakupikia gundi ya unga wa muhogo, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Hatukuwa na chombo kingine, kwa hiyo gundi ilipikwa kwenye sufuria ya mboga, na mboga ikangoja.

Ukawapelekea kadi majirani wote. Mzee wa nyumba ya pili hakujua kusoma, akaitundika ukutani juu chini, ikakaa hivyo miaka. Kadi ya shangazi yako uliikata kwa kipande cha khanga ya marehemu mama yako, kile kilichobaki nilipokushonea gauni. Aliipokea akaitazama, halafu akakugombeza kwamba vidole vyako vina gundi. Wewe ukaenda kulia. Ulikuwa hujamjua bado. Yule mwanamke akiguswa moyo hugomba.

Sasa Rama. Mtoto pekee wa shangazi yako, na tumbo lake halikuwahi kuwa na mlango. Jioni moja aliingia jikoni kwetu, akakuta sufuria ina kitu cheupe, akadhani uji. Akaikomba gundi yote, akalamba na mwiko, halafu akauliza kwa nini hatukutia sukari. Tulicheka mpaka mama yake akakaa chini. Tangu siku hiyo wewe humwiti Rama, unamwita Fisi, naye anakuita Kopo la Gundi, na hakuna aliyewakataza, kwa sababu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Hiyo ni haki yenu ya kuzaliwa, wala sibishani nayo. Umeniambia mara nyingi mno, 'Baba, Rama ni mtani wangu, sikukosa.' Hukukosa. Nimekubali. Nitaichapa kwenye ubao niutundike hapa barazani kama unataka.

Lakini sikiliza. Babu yangu alikuwa pagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani akiwa kijana, na alikuwa akisema Mnyamwezi aliyefika Uzaramo bila mtani alilala na njaa. Alimtukana Mzaramo, Mzaramo akamtukana yeye, wakala sahani moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani utani ni yale matusi. Sasa najua kazi yote inafanywa na uso. Unamwambia mtu 'wewe mchawi' huku umemshika mkono, na watu waliosimama pale wanajua wewe ni nani kwake, wanacheka. Ukiuondoa uso, ukiuondoa mkono, ukawaondoa na wale wanaojua, linabaki tusi peke yake limesimama njiani kama mgeni. Hili nimelijua uzeeni, na nimelilipia, kwa hiyo lichukue bure.

Maana Rama alipooa, tuliketi hapa mimi na wewe tukatengeneza kadi. Uzuri wake siwezi kuukana. Fisi wa kaniki, kichwa chote kimezama ndani ya chungu cha kitambaa chekundu, na mkia umemsimama. Nilikushonea ukingo kwa mkono wangu. Na maneno, Zaituni, maneno ni yangu mimi. Wewe ulitaka kuandika 'Hongera Fisi' basi. Mimi ndiye niliyesema hapana, tutie chumvi. Nikakutajia, wewe ukaandika kwa ule mwandiko wako wa kupendeza: 'Bibi harusi, pole. Huyu nimemvumilia tangu utotoni, ameramba vyote vya kwetu. Sasa nakuachia mzigo. Zaituni.' Tukacheka mpaka nikajichoma sindano.

Ingekuwa umempa Rama mkononi, ingekwisha hapo. Mimi, kwa akili zangu, nikaitia kwenye sinia la zawadi, katikati ya doti ya khanga na sabuni za kunukia. Wakwe wametoka Ujiji. Hawamjui mtu. Yule mjomba wa bibi harusi, mzee mwenye miwani, akaombwa asome salamu zote mbele ya watu, akazisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusomesha. Akafika kwenye yetu. Akaisoma. Akaigeuza akamwona fisi. Akavua miwani, akauliza, 'Huyu Zaituni ni nani kwa bwana harusi?'

Walidhani wewe ni mwanamke aliyeachwa. Neno lolote kati ya yale, ukilisoma bila kukujua, linasema hivyo. Bibi harusi akaanza kulia ndani, mashangazi zake wakaanza kuvaa viatu.

Hapo ndipo palikuwa pangu. Nilipaswa kusimama niseme, 'Ni mwanangu, ni mtoto wa mjomba wa huyu bwana harusi, wanataniana, na maneno nimeyatunga mimi mzee mpumbavu.' Yangekwisha kabla pilau haijapoa. Wewe ulinitazama. Uliyatupa macho yako moja kwa moja kwangu, unangoja. Nami nilikuwa na tonge mkononi, nikalitazama tonge. Niliona haya mbele ya wale wageni na miwani yao. Ndipo Mwamvua akatoka jikoni kwa wanawake, mikono ina masizi, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wakwe akaeleza, akaomba radhi, akaeleza tena, mpaka jasho likamtoka. Mama wa bwana harusi, siku yake hiyo moja, anawabembeleza watu wavue viatu. Alifanya kazi yangu. Na alipomaliza, akageuka akakuona, akalisema lile neno mbele ya wote.

'Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.'

Najua. Usidhani kwa kuwa sikusema kitu siku ile sikusikia. Kumwambia hivyo mtoto aliyezikiwa mama yake akiwa na mapengo, na anayeyasema ni yule yule aliyekusuka nywele, aliyekupeleka unyagoni. Ukilia kwa hilo una haki. Nilikusikia ulivyolia na mimi nilikuwa sebuleni najifanya natafuta kibiriti.

Ila nifanyie hisabu hii moja. Mama yako hakukufunza, hakupewa muda. Aliyekufunza ni nani? Basi alimtukana nani pale? Alijitukana mwenyewe, mbele ya watu wa Ujiji, na alilijua kabla hajafunga mdomo. Nilimwona uso. Wewe ulikuwa umekwisha toka nje.

Ungemjua Mwamvua kama ninavyomjua mimi, ungejua kwamba haombi radhi kwa mdomo. Nimeishi naye tangu tuko migongoni, sijawahi kusikia neno 'samahani' likitoka kwake kwenda kwa mtu wa nyumbani. Wageni huwaomba, sisi hutupikia. Tuligombana zamani juu ya shamba la mama yetu, tukanuniana mpaka mtama ukakomaa. Jioni moja nikaletewa mlenda. Bila ujumbe. Nikala, bakuli nikalirudisha na mayai ndani, kesi ikaisha. Ndivyo kwetu.

Na wewe alikuletea. Wiki ile ile ya harusi, kwa mkono wa jirani yake: dagaa na karanga, bakuli lake la bluu, limefunikwa kwa kawa. Mimi sikuwepo, nilikuwa dukani. Mtoto wa watu, umelelewa Tabora, unajua kwamba bakuli la mwenzio halirudi tupu hata kama ni kulitia chumvi kidogo. Wewe hukulirudisha tupu. Ulilirudisha vile vile lilivyokuja, limejaa, kawa halijafunuliwa. Yule jirani amenieleza kwamba alitembea nalo Gongoni mpaka Isevya na mchuzi unamchuruzikia mkononi, kila anayekutana naye anauliza. Ningelikuwa mtu mwingine ningelikupiga, hata na umri huo wako. Nilipokuuliza ukasema hukuwa na njaa.

Nilikasirika nikaacha. Nikasema watapatana wenyewe, ni wanawake, mambo ya bakuli ni yao. Kosa jingine hilo. Mvua zikaanza, zikaisha, karanga zimevunwa, na mimi natembea katikati yenu nabeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. 'Shangazi yako anakusalimu.' Uongo. 'Zaituni anakuamkia.' Uongo. Dhambi zangu zote za mwaka huu ni zenu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwake. Nilikwenda na hasira, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu msikitini. Nikamwambia, 'Mwamvua, mtoto anaondoka Jumatano. Kwenda kule si kwenda sokoni. Wewe ndiye mkubwa. Njoo umuage.' Alikuwa anachambua kunde. Akaendelea kuchambua. Nikamwambia kiburi chake kitamwua. Nikamwambia na mengine. Hakunijibu kwa matusi, na hapo nikaanza kuogopa, kwa sababu dada yangu huyo hajawahi kukosa tusi.

Halafu akasema, kwa Kinyamwezi, pole pole, kama mtu anayeongea na kunde: 'Kaka, nikija akanipita kama alivyonirudishia lile bakuli, nitakuwa sina mtoto wa kike tena. Sasa hivi bado sijui. Niache nisijue.'

Umesikia? Hasira ilikwisha zamani. Mimi mjinga nimekaa miezi yote hii nadhani natembea kati ya watu wawili wenye hasira, kumbe mmoja ana hofu. Mwanamke aliyewazima wakwe wa Ujiji kwa mdomo wake anakuogopa wewe, ambaye juzi juzi tu ulikuwa unamwita akutolee mwiba. Na wewe vile vile. Usinibishie, nimekulea. Huendi kwake kwa sababu unaogopa utasema shikamoo na hatakuitikia, na kwamba lile neno alilolisema litakuwa ndilo la mwisho na la kweli. Ndiyo maana unaruka mashimo ya matofali. Mtu mwenye hasira hupita mlangoni, tena anakohoa.

Mimi nakuudhi, najua. Nimechoka kukuudhi. Huko uendako utakutana na watu watakaokuonea kweli kweli, na mara nyingine utakuwa na haki yote wewe, kama ulivyo nayo sasa, na hakuna atakayekunyang'anya. Utakaa nayo. Mimi niliwahi kuwa na haki katika nyumba yenye ugali mbichi, na mtoto amelala na maji tumboni. Sina jingine la kukufundisha juu ya haki.

Kadi uendelee kuzitengeneza. Watengenezee wagonjwa wako, watafurahi. Ila weka mwezi, weka maua, andika 'ugua pole' na jina lako. Maneno ya kuchekesha peleka mwenyewe kwa miguu.

Jua sasa limefika kwenye bati la msikiti, na utarudi muda si mrefu. Barua hii naiacha juu ya cherehani, nimeiwekea pasi isipeperuke, na mlango wa mbele naufunga ili uione kabla hujaingia. Mimi nakwenda Isevya. Sitamwuliza Mwamvua kama anataka kuja, wala sitataja jina lako. Nitamwambia unga ninao, mboga sina, na mtu anayenipikia anaondoka kesho. Hilo atalinung'unikia njia nzima, lakini atakuja.

Kwa hiyo soma mpaka hapa, kisha zunguka upite uani. Tutakuwa jikoni. Atakuwa ameinamia moto, na hatageuka akisikia hatua zako, usichukulie vibaya, anaogopa kukutazama. Usimwambie lolote la kadi, wala la harusi, wala usingoje kuombwa radhi wala usiombe. Piga goti hapo hapo nyuma yake useme shikamoo. Asipoitikia, basi mimi ndiye nisiyejua kitu, na kesho panda gari lako la moshi na hasira yako yote, sitakulaumu mbele ya mtu.

Lakini ataitikia, Zaituni. Ataitikia kabla hujalimaliza neno.

Baba yako